Viza Kwanza, Ukumbi Baadaye: Barua ya Wazi kwa Waandaaji wa Mikutano ya Kimataifa ya Afya

Kwenu waandaaji wa mikutano ya kimataifa ya afya, na kwenu viongozi wa IFMSA, shirikisho la vyama vya wanafunzi wa udaktari duniani,

Nawaandikia kutoka Mbarara, magharibi ya Uganda.

Mnapochagua mji wa kufanyia mkutano, mnatazama ukumbi, hoteli, uwanja wa ndege na mfadhili. Viza mnamwachia mgeni ajihangaikie mwenyewe. Naandika kuwaomba mgeuze utaratibu huo. Serikali ya nchi mwenyeji iulizwe kwanza, na ijibu kwa maandishi, kama itawapokea wote mtakaowaalika, pamoja na wale wanaosafiri kwa hati ya mkimbizi. Jibu lisiporidhisha, mkutano uende kwingine, na uende kabla hamjatia saini mkataba wa ukumbi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Miongoni mwa wanaokuja kwangu jioni ni vijana wanaosomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Kinyankore wanakijua, Kiganda wanakisikia, Kiingereza ndicho walichosomea. Lakini wakiingia wodini wanamkuta mama wa Kifulero kutoka Uvira, Congo, au Mrundi, au mzee wa Kibembe aliyeletwa na gari la wagonjwa kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na hapo mazungumzo hayaendi bila Kiswahili. Wanakuja kujifunza kuuliza maumivu yalianza lini, mtoto amenyonya mara ngapi, ni dawa gani ya kienyeji iliyotangulia. Somo likiisha hubaki kidogo wakizungumza mambo yao, na huko ndiko nilikozisikia habari za mikutano yenu: furaha ya ikisiri kukubaliwa, michango ya darasa zima, safari za Kampala kuomba viza, kisha kimya. Mwaka unaofuata anajaribu mwingine.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini mashariki ya mji wetu, kandokando ya ziwa lenye jina hilohilo. Watu wa kwanza kupokelewa pale walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959, na hadi leo ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Sasa wanaishi humo watu zaidi ya 150,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Wanalima mahindi na maharage, wanauza vitenge, wana misikiti, makanisa, shule ya sekondari na vituo vya afya. Kituo kikishindwa na mgonjwa, mgonjwa huja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Hospitali hiyo ndiyo darasa la chuo chetu, kilichofunguliwa mwaka 1989 kikawa cha pili kufundisha udaktari Uganda baada ya Makerere, na tangu mwanzo kilikusudia kutoa daktari atakayekubali kufanya kazi kijijini. Mwanafunzi wake hawezi kuhitimu bila kwenda kukaa na wanakijiji, kuona maji wanayokunywa na umbali wanaotembea kufika zahanati.

Sasa fikirieni mada za mikutano yenu ya miaka ya karibuni: malaria kali, uzazi salama, VVU na wagonjwa wanaohamahama, kifua kikuu, afya ya akili ya waliokimbia vita. Kijana wa mwaka wa nne Mbarara huyaona yote hayo katika wodi moja, juma moja, akiwa na muuguzi mmoja na vitanda visivyotosha. Si kwamba ana habari za kuongeza pembeni ya yale mnayoyajua. Yeye yuko pale jambo lenyewe linapotokea.

Na Mbarara imekwisha kuwapa mengi. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, uliolinganisha kwinini na sindano ya atesuneti kwa watoto wenye malaria kali. Watoto 5,425 walihusika, katika nchi 9 za Afrika, na Mbarara ilikuwa kituo kimojawapo. Kati ya waliotibiwa kwa kwinini, asilimia 10.9 walifariki, kati ya waliopata atesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake, na tangu hapo mtoto mwenye malaria kali, popote alipo, anapaswa kuanzishiwa atesuneti. Mama zetu ndio waliokubali watoto wao waingizwe katika utafiti ule, wakiwa na hofu ya kumpoteza mtoto usiku uleule. Wauguzi wetu ndio waliokesha na sindano. Matokeo yalifika kila bara. Basi naona ni haki tupu kwamba mwanafunzi aliyesomea katika wodi zile naye aweze kufika mahali yanapojadiliwa.

Wanafunzi wenu nao wanafika kwetu. Kila mwaka huja vijana wa udaktari kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini kujifunza kwa vitendo wiki kadhaa. Chuo chetu kimeshirikiana miaka mingi na madaktari wa Boston na wa Calgary, na ushirikiano huo umefanya mema yanayoonekana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na sisemi hata mmoja wao azuiwe. Nasema tu kwamba kijana wa Calgary hujaza fomu mtandaoni, hulipa ada, na hushuka Entebbe. Mwenyeji wake aliyempeleka wodini, akamtafsiria wagonjwa, akamwonyesha mahali pa kula, akialikwa Calgary hajui kama atafika.

Mtasema viza ni shauri la serikali, si lenu. Historia yenu wenyewe inawapinga, na mfano wake ni mkubwa.

Mwaka 1987 Marekani iliwapiga marufuku wageni wenye VVU kuingia nchini humo. Mkutano wa kimataifa wa UKIMWI wa mwaka 1990 ulifanyika San Francisco hata hivyo, na mashirika mengi yakaususia. Uliokuwa umepangwa Boston mwaka 1992 waandaaji waliuhamisha, wakaupeleka Amsterdam. Haikuwa rahisi: kumbi zilikwishachukuliwa, fedha zilikwishatengwa. Lakini walihama, na kwa zaidi ya miaka 20 mkutano huo haukurudi katika ardhi ya Marekani. Ni baada ya serikali kutangaza kwamba marufuku yataondolewa, yakaondolewa Januari 2010, ndipo Washington ilipopewa mkutano wa mwaka 2012. Hapo hakuna aliyesema viza si kazi yetu. Waliona kwamba mkutano wa UKIMWI usioweza kupokea watu wenye VVU haustahili jina lake.

Kisha ikaja Montreal. Julai 2022 mkutano uleule ulifanyika Canada, na mamia ya waalikwa, wengi wao kutoka Afrika, walinyimwa viza au hawakupata jibu hadi mkutano ukaisha. Wanaharakati walipanda jukwaani siku ya ufunguzi kulalamika. Mkuu wa UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, Winnie Byanyima, aliandika hadharani kwamba nusura azuiwe kupanda ndege Geneva. Hati zake zilikaguliwa tena na tena, simu zikapigwa, akawa wa mwisho kuingia ndegeni. Huyu ni mzaliwa wa Mbarara, na aliwahi kuwa mbunge wa mji wetu ulipokuwa manispaa. Mtoto wetu, kiongozi wa Umoja wa Mataifa, anakwenda kwenye mkutano unaohusu kazi yake mwenyewe, anahojiwa hivyo mlangoni. Wanafunzi wangu waliisoma habari ile kwenye simu zao wakatazamana. Kama yeye yamemkuta, wao wangeanzia wapi?

Nieleze sasa yanayowakuta wao, kwa sababu ripoti zenu haziyafikii.

Mwanafunzi wa udaktari hana mshahara. Hana hati ya ardhi, hana mke wala mtoto wa kumwonyesha afisa wa ubalozi kama ushahidi kwamba atarudi. Ana barua ya chuo na barua yenu ya mwaliko. Barua yenu mara nyingi humfikia miezi miwili kabla ya mkutano, na siku ya kupeleka maombi Kampala, kilomita 270 kutoka hapa, huenda isipatikane kabla ya wiki nyingi kupita. Anatakiwa kuonyesha taarifa ya benki ya miezi kadhaa, na akaunti yake ni ya kupokelea karo. Ada ya viza ya Schengen ilikuwa yuro 80, na tangu Juni 2024 ni yuro 90, ukikataliwa hairudi. Kuna familia Isingiro zinazouza mbuzi kwa ajili ya ada hiyo.

Huyo ni Mganda mwenye pasipoti. Kwa mkimbizi mambo ni mazito zaidi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Wakimbizi wanaofika chuo kikuu ni wachache sana. Mpango wa DAFI, unaofadhiliwa zaidi na Ujerumani kupitia UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, umekuwa ukiwasomesha tangu 1992, na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizofaidika. Lengo la dunia ni kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Mpaka sasa haijafika hata asilimia 10. Anayepenya hapo akaingia udaktari, miaka mitano ya masomo na mmoja wa mazoezi hospitalini, ni kijana aliyeshinda mengi.

Namfahamu binti mmoja wa namna hiyo. Alizaliwa Kivu Kusini, akalelewa Nakivale, akasoma hadi udaktari. Aliandika juu ya wajawazito wa makazini wanaochelewa kuanza kliniki: kwa nini wanachelewa, nani nyumbani huamua, njia ikoje wakati wa mvua. Mambo hayo aliyajua kabla ya kuyatafiti, maana mama yake alikuwa mmoja wao. Ikisiri yake ilikubaliwa katika mkutano mmoja wa Ulaya. Alihangaika hadi akapata hati ya kusafiria ya mkimbizi, akapeleka maombi, na jibu likaja kwa karatasi yenye kisanduku kilichotiwa alama: kuna shaka kama mwombaji ataondoka nchini humo muda wa viza utakapokwisha. Waandaaji wakamwandikia kwamba wanasikitika, na kwamba anaweza kutuma bango lake mtu mwingine alibandike. Lilibandikwa. Waliosimama mbele yake wakiwa na maswali hawakuwa na wa kumwuliza.

Shaka ile haina msingi, na ninyi mnaweza kuijibu kwa kuinukuu sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1976 na nchi karibu zote za Ulaya zimeuridhia, unatamka katika ibara ya 28 kwamba nchi impatie mkimbizi anayeishi humo kihalali hati ya kusafiria. Kiambatisho chake, aya ya 13, kinaibana nchi iliyotoa hati hiyo kumpokea tena mwenye hati wakati wowote ikiwa bado halali. Maana yake Uganda imeahidi kisheria, mbele ya mataifa, kwamba binti yule atarudishwa ndani. Barua yenu ya mwaliko ingelitaja jambo hilo kwa mistari mitatu, na mwanasheria wenu angelimwandikia balozi mapema, afisa angekuwa na cha kujibu zaidi ya kutia alama kisandukuni. Sijaona barua ya mwaliko iliyofanya hivyo. Nyingi zinasema tu kwamba waandaaji hawahusiki na masuala ya viza.

Wapo watakaosema suluhisho ni kuileta mikutano Afrika. Nakubali kwa sehemu kubwa. Agosti 2017 IFMSA ilifanya mkutano wake mkuu Arusha, na mwanafunzi wa Uganda aliweza kwenda kwa basi bila kuomba viza. Julai 2023 mkutano wa Women Deliver, wa afya na haki za wanawake, ulifanyika Kigali, mara ya kwanza kwa mkutano huo kuja Afrika. Kutoka Mbarara unapita Kabale na Katuna, na jioni umefika. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Ilete mikutano, tena mingi.

Lakini msidhani mkishafika Kigali au Nairobi mmemaliza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inazungumzia raia wa nchi wanachama. Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Somalia mwaka 2024, Burundi na Rwanda zimo tangu 2007, kwa hiyo wengi wa wakazi wa Nakivale wametoka katika nchi za Jumuiya hii hii. Hata hivyo kitambulisho cha mkimbizi hakimvushi Busia, mpakani na Kenya. Na Mnyarwanda aliyekimbia Rwanda hawezi kualikwa Kigali kana kwamba anaalikwa Jinja, hapa Uganda. Kwa huyo, mji ulio karibu kuliko yote ndio ulio mbali kuliko yote. Ndiyo maana siwaombi orodha ya miji mizuri na mibaya. Naomba kila mji uulizwe, kila mara, kwa kuwafikiria watu mahsusi ambao hawatakiwi kukosekana.

Na miji mingine jibu lake liko wazi tayari. Juni 2025 Marekani iliwafungia mlango raia wa nchi kadhaa, Somalia na Eritrea zikiwemo, na Burundi ikawekewa vizuizi. Anayetangaza leo mkutano wa afya ya wakimbizi katika mji wa Marekani amekwisha kuamua nani hatakuwepo.

Kuhusu mtandao nitasema machache. Mwaka 2020, wakati wa korona, mikutano mingi ilihamia mitandaoni na tulishukuru. Ni msaada kwa anayekosa njia nyingine. Lakini msimamizi wa tasnifu hapatikani kwenye dirisha la kompyuta. Anapatikana kwenye foleni ya chai, na wadogo zangu hawa wanahitaji wasimamizi kuliko wanavyohitaji hotuba. Umeme wa Nakivale ukikatika katikati ya kikao, hakuna anayegundua kwamba mtu ametoweka.

Fedha ni jambo ninaloliona mnaweza kulirekebisha kesho asubuhi. Mikutano mingi inayotoa ufadhili humtaka mwanafunzi alipe kwanza tiketi na viza, kisha arudishiwe kwa risiti mkutano ukiisha. Utaratibu huo unafaa mtu mwenye kadi ya benki iliyojaa. Kwa mtoto wa mkulima wa matoke unamaanisha kukopa, na kwa mkimbizi unamaanisha kukataa mwaliko kimyakimya huku akiandika kwamba amepata dharura. Lipeni tiketi wenyewe. Lipeni ada ya viza, hata ikikataliwa. Lipeni nauli ya Kampala. Mfadhili anayegharamia maua ya jukwaani hatashindwa na hilo.

Tena hesabuni. Kila mkutano huchapisha idadi ya washiriki na ya nchi walizotoka, kwa fahari. Chapisheni na idadi ya walioalikwa wakakataliwa viza, na nchi zao, na kama walikuwa na pasipoti au hati ya mkimbizi. Mkutano wenye wataalamu wa takwimu hauwezi kusema kuhesabu hilo ni kugumu. Serikali mwenyeji ikijua kwamba orodha hiyo itasomwa siku ya kufunga, mbele ya waziri wake, maafisa wake watayafungua majalada mapema.

Ndugu zetu wa Ofisi ya Waziri Mkuu, idara ya wakimbizi, nanyi nawaomba. Hati za kusafiria hushughulikiwa Kampala, na mwanafunzi mwenye mwaliko wa tarehe maalumu husubiri kwenye foleni moja na wote. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ni nzuri, inasifiwa dunia nzima, na inampa mkimbizi haki ya hati hiyo. Wekeni dirisha la wanafunzi, na maombi yao yapokelewe katika ofisi yenu ya hapa Mbarara ili wasilipe nauli mara tatu.

Kwenu IFMSA nina neno la ziada, kwa kuwa ninyi ni wanafunzi kama wao. Mna mikutano mikuu miwili kila mwaka, Machi na Agosti, na vyama vinavyotaka kuwa wenyeji huleta maombi na kupigiwa kura. Kabla ya kura inayofuata, kila chama kinachoomba kilete barua ya wizara ya mambo ya nje ya nchi yake kuhusu viza za wajumbe wote na hati za wakimbizi. Chama kisicho na barua kisipigiwe kura. Hilo halihitaji fedha wala idhini ya serikali yoyote. Linahitaji mikono yenu ukumbini. Mkilifanya ninyi, mikutano ya wakubwa itaona aibu kubaki nyuma.

Nawaomba mwanze na mkutano ambao bado hamjautangazia mji. Barua ya kwanza mtakayoiandika iende kwa serikali mwenyeji, nakala yake na ya jibu mziweke hadharani kabla hamjapokea ikisiri hata moja, ili mwanafunzi wa Mbarara na wa Nakivale asome mwenyewe kama anatakiwa kabla hajauza chochote.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili,
Mbarara